Mchana Ule Komeo Aliposinzia

Hospitalini pale palikuwa na mtu aliyeitwa Babu Mvuke. Jina alipewa na wapishi, kwa sababu kila alipopanda jikoni kukagua mabomba, miwani yake ilijaa ukungu, na siku moja, kwa heshima zake zote, aliliamkia sufuria kubwa la uji akidhani ni Mpishi Mkuu. Mpishi Mkuu mwenyewe, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, hakuacha kuisimulia habari hiyo, na kila akiisimulia sufuria lilizidi kunenepa.

Kazi ya Babu Mvuke ilikuwa kutunza boila, tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Boila ilikaa chini kabisa, nyuma ya chumba cha dobi, katika chumba kisicho na dirisha ila matundu ya hewa juu ukutani. Kutoka huko mvuke ulipanda kwenye mabomba, ukaenda kufulia mashuka, ukaenda kupikia uji wa wagonjwa, ukaenda kuchemshia vyombo vya upasuaji. Mgonjwa aliyejinyoosha wodini kwenye shuka safi hakujua kwamba chini yake kuna mtu anayetazama kioo chembamba chenye maji, akihakikisha maji hayashuki chini ya alama wala hayapandi juu yake. Na ndivyo ilivyotakiwa. Boila ikitunzwa vizuri hakuna anayeikumbuka. Ukiona watu wanashuka ngazi kuulizia hali ya boila, ujue mambo yameshaharibika.

Umri wake wa kazi ulipita hivyo, mvuke ukipanda, yeye akibaki chini. Sasa alikuwa anastaafu, siku yenyewe Ijumaa, na boila angemwachia fundi aliyekuwa naye miaka ya karibuni, mama wa watoto wawili, mchapakazi, ambaye hospitali nzima ilimwita Dada Spana kwa kuwa spana haikumtoka mfukoni hata akialikwa harusini.

Kilichomkosesha raha Babu Mvuke si kustaafu. Ni chai.

Wafanyakazi wa pale walikuwa na mtindo wao, hata hakuna aliyekumbuka nani aliuanza. Anayestaafu huandaliwa chai ya alasiri kwenye ukumbi wa kulia. Anakalishwa kiti cha mbele, na kabla mtu hajagusa kikombe, watu wanagonga meza: "Toa siku! Toa siku!" Hapo lazima asimulie siku moja katika siku zake zote za kazi, ile ambayo akiikumbuka moyo wake unatulia. Siku moja tu. Kushukuru wakubwa hakuna, kuhubiri hakuna. Na ukishaitoa inakuwa ya wote, itasimuliwa na watu ambao hata hawakukukuta.

Dereva wa ambulensi aliyeitwa Breki, kwa vile hakupenda kuzitumia, alitoa siku ambayo mtoto alizaliwa garini katikati ya foleni, yeye akiwa ameshika tochi huku kafumba macho kwa aibu. Mama mmoja wa dobi alitoa siku aliyoikuta pete ya ndoa ndani ya mashuka, akatimua mbio peku mpaka getini kuwawahi wenyewe. Mlinzi wa geti alitoa siku ambayo mgonjwa aliyeingia kwa machela alitoka kwa miguu yake, akasimama mbele yake na kumpigia saluti. Mlinzi alilia akiisimulia, na yeye ni mtu aliyekuwa akiogopwa mpaka na mbwa.

"Na wewe Babu, utatoa ipi?" Mpishi Mkuu alimuuliza Jumatatu, mwiko mkononi.

"Ipo."

"Ya sufuria?"

"Nimesema ipo, mama. Subiri Ijumaa kama wenzako."

Haikuwepo. Aliitafuta wiki nzima, asiione. Siku alizozikumbuka zilikuwa mbaya zote: siku pampu ilipokufa, siku bomba lilipopasuka likamwachia kovu mkononi, siku mafuta yalipochelewa na madaktari wakasimama wakisubiri vyombo. Siku nzuri zilikuwa zimegandana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Ukifungua huwezi kutenganisha hii na ile. Mtu anafanyaje kazi mpaka nywele zinakuwa nyeupe, akakosa hata siku moja? Na akikosa, basi muda wote ule alikuwa anafanya nini kule chini?

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alimwona mumewe anachezea chakula, akamhoji, akaambiwa.

"Sasa hilo nalo ni la kukunyima kula? Tunga."

"Nitunge nini?"

"Siku. Waambie boila ilitaka kupasuka, ukairukia kama simba, ukaokoa hospitali nzima na wagonjwa wake. Nani atakuuliza?"

Babu Mvuke akasukuma sahani kando. Akasimama katikati ya sebule, akakohoa. "Ndugu zangu, siku hiyo boila ilianza kutikisika..."

"Paza sauti. Na mimi nitie humo."

"Wewe utatokea wapi, mama? Ni kazini."

"Nilikuwa nimekuletea chakula. Nikapiga ukelele. Bila ukelele wangu usingeshtuka."

"Basi. Mke wangu akapiga ukelele. Boila inatikisika, geji ya mvuke imepanda mpaka..." Akakaa chini. "Haiwezekani."

"Nini tena? Ndiyo kwanza inanoga."

"Geji haiwezi kupanda mpaka huko kama mimi nipo zamu. Wakisikia boila ilitaka kupasuka, wataniuliza nilikuwa wapi. Nitajibu nini?"

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa alichokuwa anakishona. "Mume wangu, wewe hata uongo unataka kuufanyia matengenezo." Lakini alipomaliza kucheka alimtazama vizuri, akaona kweli mwenzake anaumia, akamsogezea sahani.

Jumatano jioni alikuwa kibarazani, mkewe karibu yake anapinda ukingo wa gauni. Joto lilikuwa jingi. Sindano ikapunguza mwendo, ikasimama, na mkewe akasinzia, kichwa ukutani, gauni mapajani. Mara mjukuu wao wa kike akaja mbio kutoka uani, "Bibi! Bibi!" Babu Mvuke akaweka kidole mdomoni.

"Sss. Mwache. Amelala."

Mtoto akarudi kwa kunyata. Babu Mvuke yeye hakukishusha kidole. Kilibaki pale midomoni, kama kimepata habari kabla ya mwenyewe. Mkono ule ulishawahi kufanya vile, zamani, mahali pengine, mbele ya mtu mwingine aliyekuja kwa kelele. Na ile siku ikamjia nzima, na joto lake na harufu yake ya mafuta, akashangaa ilikuwa imejificha wapi.

Mkewe alipoamka alimsimulia. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, uzi kinywani.

"Na hiyo ndiyo siku yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

"Mtu kulala?"

"Si mtu tu. Komeo."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Mume wangu, sikiliza. Ni nzuri. Mimi imenigusa. Lakini mle kwenye chumba chenu cha boila ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu NI MARUFUKU KULALA. Mkurugenzi atakuwa amekaa pale mbele. Komeo amekufa na jina lake safi, halafu wewe, mtu aliyefundishwa kazi naye, unasimama mbele ya umma kusema alikuwa analala kazini?"

Neno hilo likamchoma, maana lilikuwa na ukweli. Alhamisi nzima alizunguka nalo kichwani. Akinyamaza, atakaa kile kiti mikono mitupu. Akisema, atamvua nguo marehemu mbele za watu. Dada Spana alimwona anakunjakunja kitambaa cha kufutia miwani, akasema, "Mzee, si uende ukapumzike hata kidogo? Mimi nipo." Babu Mvuke akajibu, "Nimeshazoea, binti yangu," akainama kusoma kioo, ingawa Dada Spana alikuwa amekisoma sasa hivi.

Ijumaa ikafika. Fundi wa zamu kutoka jengo la pili alishuka kushika boila, ili wenyewe wapande. Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi, mwanamume mrefu mwenye haraka zake, alikaa meza ya mbele. Mke wa Babu Mvuke alikaa nyuma na gauni lake jipya. Mpishi Mkuu ndiye aliyeanza kugonga meza, na wote wakadakia: "Toa siku! Toa siku!"

Babu Mvuke alisimama. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Nilipokuja hapa," alianza, "niliwekwa chini ya mzee mmoja tuliyemwita Komeo. Wachache wenu mnamkumbuka. Mlango wake ulikuwa na komeo, na mdomo wake pia."

Wazee wachache wakaguna kukubali.

"Hakuwa mtu wa kutukana. Heri angenitukana. Yeye alikuwa anarudia. Nikifunga valvu, anakuja nyuma yangu, anaifungua, anaifunga tena mwenyewe. Nikisoma kioo nikasema, 'Mzee, maji yako sawa,' anaitikia, 'Eeh,' halafu anainama kusoma. Nikinywa chai, yeye hanywi, maana lazima pawe na macho kwenye kioo, na macho yenyewe ni yake peke yake. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo. Wa pili, hivyo hivyo. Nikamwambia mke wangu, huyu mzee nitamwachia boila yake, nikauze mchicha."

"Alisema kweli!" mkewe akadakia kutoka nyuma. "Hata kapu alishanunua!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Babu Mvuke akangoja kitulie. Sasa alikuwa amefika penye shida, akatupa jicho kwa Mkurugenzi. Lakini alishaingia majini.

"Mchana mmoja kulikuwa na joto la kushika shingo. Nikasema, 'Mzee, naongeza maji.' Nikasubiri aje nyuma yangu. Hakuja. Nikafungua maji, nikafunga, nikageuka. Komeo alikuwa amevua viatu. Ameviweka pamoja, visigino ukutani, kama mtu aliye kwake. Kaegemea kiti, kofia kifuani, mdomo wazi. Amelala."

Watu wote walimgeukia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akapandisha nyusi.

"Bosi," Mpishi Mkuu akasema, "huyo ni marehemu. Ukitaka kumfukuza kazi, itabidi umfuate huko huko mwenyewe."

Hata Mkurugenzi alicheka. "Endelea, Babu," akasema. "Leo mimi sina masikio."

"Sikujua nisimame wapi," Babu Mvuke akaendelea, na sauti ikaanza kutoka yenyewe. "Mtu ambaye hakufumba jicho mbele yangu tangu nimjue, amelala, na boila inaunguruma. Nilikitazama kile kioo mpaka machozi yakanitoka. Ndipo nikasikia mpishi wa enzi zile anashuka ngazi, anafoka, 'Mvuke uko wapi? Uji unakataa kuchemka!' Nikamfanyia hivi." Akaweka kidole mdomoni. "Nikamnong'oneza, 'Mama, mvuke unakuja. Mzee amelala.' Akachungulia. Akamwona. Akajiziba mdomo, akapanda ngazi kwa ncha za vidole. Akawaambia jikoni. Jikoni wakawaambia dobi. Dobi wakaacha kugongesha ndoo. Mchana ule jengo zima lilikuwa linamlalisha Komeo, na aliyeshika boila ni mimi."

"Alipoamka je?" mtu akauliza.

"Alipoamka alivaa viatu, akafunga kamba polepole. Akasema, 'Maji?' Nikasema, 'Yako sawa.' Akasema, 'Eeh.'" Babu Mvuke akamtafuta mkewe kwa macho. "Hakuinama kusoma. Alichukua kikombe chake akanywa chai. Basi. Siku yangu ni hiyo."

Hakuna aliyegonga meza. Babu Mvuke alisimama na mikono yake mikubwa, akawaza, nimeharibu, nilipaswa kuwapa simba na ukelele. Ndipo kutoka meza ya mafundi sauti ikasema, "Na mimi je?"

Alikuwa Dada Spana.

"Wewe je nini, binti yangu?"

"Mbona mimi nikishika boila, wewe hujawahi kulala?"

Ukumbi ukalipuka. "Umekamatwa, Babu!" "Jibu, Babu!" Breki, aliyekuja kama mgeni, aligonga meza mpaka kijiko kikaanguka. Babu Mvuke akasema, "Mimi mchana silali, usingizi hauji," na Dada Spana, akicheka na wenzake, akajibu, "Hata Komeo mchana alikuwa halali, mzee." Kisha akachukua kitambaa akafuta meza mbele yake, na meza haikuwa na uchafu wowote. Hilo Babu Mvuke aliliona. Watu wakagonga meza wakisema imepokelewa, siku imepokelewa, chai ikamiminwa, mkewe akamshika mkono akamwambia sikioni kwamba amesema vizuri. Yote hayo aliyapokea kwa furaha, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kile kitambaa.

Zamu yake ilikuwa haijaisha. Chai ilipokwisha walishuka wote wawili, wakamshukuru fundi wa jengo la pili, akaenda zake. Boila ilikuwa inaunguruma kwa raha. Dada Spana akainama kwenye kioo.

"Maji yako sawa, mzee."

"Eeh," alisema Babu Mvuke, na mgongo wake, kwa mazoea, ukaanza kuinama. Akauzuia katikati, kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Akaenda kwenye kiti. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akalificha kwa mguu wa pili. Akaegemea, akavua miwani, akafumba macho.

Usingizi haukuja. Ungetoka wapi? Masikio yalikuwa wazi kama milango ya siku ya joto. Alisikia pampu, alisikia bomba la jikoni likigugumia, alisikia Dada Spana amesimama kimya akimtazama. Ili ionekane kweli, akakoroma kidogo, kwa adabu. Akajua hapo hapo kwamba amekosea, maana mkewe husema koromo lake la kweli ni mkokoteni juu ya kokoto, na Dada Spana alishakaa naye kwenye basi la misiba na harusi za kutosha kulijua. Akangoja acheke.

Hakucheka. Hatua zake zikawa nyepesi. Simu yake ikaita, akaikata kabla mlio wa kwanza haujaisha. Spana ikatolewa mfukoni ikalazwa juu ya kitambaa, isigonge chuma. Babu Mvuke, ndani ya giza la macho yake, alikuwa anafuata maji kwenye kioo kwa kichwa, yanashuka, yanashuka, na moyoni akasema, sasa. Na pale pale valvu ya maji ikageuka, si mapema, si kwa kuchelewa. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania magoti. Akailegeza.

Hapo ndipo likamjia jambo ambalo hakuwahi kuliwaza.

Viatu. Viatu vya Komeo, vimewekwa pamoja, visigino ukutani. Mtu aliyezidiwa na usingizi hana nafasi ya kupanga viatu. Na yule mpishi alivyofoka ngazini, sauti ile ingemwamsha hata mgonjwa aliyechomwa dawa ya usingizi. Komeo hakutikisika.

Babu Mvuke nusura afumbue macho. Kwa hiyo mzee yule alikuwa amesikia yote. Alisikia 'mvuke unakuja', alisikia 'mzee amelala', alisikia ndoo za dobi zikinyamaza. Alikaa pale kafumba macho yake, macho pekee aliyoyaamini, joto limemshika shingo, mdomo kaufungua makusudi, na hakusema neno mpaka anaingia kaburini.

Akangoja siku yake imponyoke. Ndiyo kwanza ameipata, ndiyo kwanza ameitoa mbele za watu, na kumbe haikuwa usingizi. Akaitazama kwa ndani, akiogopa. Ilikuwa pale pale. Ilikuwa imeongezeka uzito tu, kama mtoto unayemnyanyua baada ya muda mrefu. Maana kulala ni rahisi, kila mtu hulala. Lakini kufumba macho huku uko macho, na kumwachia mwenzako kioo, hilo sasa alijua lina bei gani. Alikuwa analilipa wakati huo huo, na lilikuwa linamtoa jasho.

Hatua za Dada Spana zikakaribia, zikasimama kando ya kiti.

"Mzee," akanong'ona, taratibu mno, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliye macho. "Maji yako sawa."

Babu Mvuke hakujibu. Mtu aliyelala hajibu.